Jiko la mkaa litoke chumbani

SEHEMU YA 1

Wewe uliyejifungua wiki hii, hongera na pole. Nimetoka zamu ya usiku sasa hivi. Miguu imeganda ndani ya soksi mbili, chai iko mkononi, na nimeamua kuandika kabla sijalala maana nikilala hasira zitaniisha. Nitaandika kwa vipande. Ukiona ni ndefu, weka simu pembeni, nyonyesha, halafu rudi.

Wiki tuliyoimaliza mnaijua. Tangu Jumapili jua halijaonekana Mponde. Ukungu umekaa kwenye mashamba ya chai mpaka mtu aliye mbele yako hatua kumi unamsikia akikohoa lakini humuoni. Manyunyu yale ya kipupwe, mvua si mvua, ukavu si ukavu. Nepi za mtoto zina siku nne kwenye kamba na ukizikamua bado zinatoa maji. Ndugu zetu wa Tanga mjini wanatutumia picha wako ufukweni na madafu, sisi huku tunalala na masweta.

Na hili si jambo geni. Juni, Julai, Agosti, kila mwaka. Upepo wa kusi unatoka baharini umebeba unyevu, unagonga milima yetu ya Usambara, unapanda, unapoa, unakuwa ukungu na manyunyu. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa mwelekeo wa kipupwe mapema, redioni unasomwa. Lakini sisi kila Julai tunaipokea baridi kama mgeni aliyekuja bila kupiga simu.

Na kila Julai naletewa watu walioumia, si kwa baridi yenyewe, bali kwa kile walichofanya kuikimbia. Ndilo nalotaka tugombane leo. Jiko la mkaa ndani ya chumba cha kulala. Najua wengi mnalo hapo karibu na kitanda muda huu mnaponisoma.

SEHEMU YA 2

Niwape kisa. Sitaji jina, sitaji kitongoji, na si wa wiki hii.

Mama alijifungua salama, mtoto wa kiume, kilo mbili na nusu, ananyonya vizuri. Siku aliyoruhusiwa ilikuwa ya ukungu kama huu. Mimi ndiye niliyemruhusu. Nikampa kadi ya kliniki, nikamwambia yale maneno tunayosema manesi wote: "Mama, huyu bado mdogo, hakikisha hapati baridi." Akaitikia, "Sawa sista." Nikageukia mwingine, foleni ilikuwa ndefu.

Yule mama alikuwa msikivu. Alifika nyumbani akafanya nilichomwambia. Alikuwa na nini cha kufanyia? Blanketi moja, shuka mbili, na jiko. Usiku wa siku ya nane, walipomaliza kupika, akaliingiza jiko chumbani mkaa ukiwa umeshika vizuri, mwekundu, hauna hata moshi. Akafunga dirisha. Akakunja khanga akaziba chini ya mlango ili upepo usipite. Akalala na mwanawe.

Alfajiri mama mkwe alibisha hodi kumletea uji. Kimya. Akausukuma mlango. Mama alikuwa anakoroma vibaya, haamki. Wakambeba kwa pikipiki, katikati ya watu wawili. Alipona baada ya kuwekewa oksijeni. Mtoto hakupona.

Msibani wengine walisema kachanga kamepigwa na baridi. Wengine wakasema mama kamlalia, na maneno hayo yalimfika mwenyewe, akiwa na maziwa yanamwagika kifuani na hana wa kumnyonyesha. Wengine mnajua walisema nini, sitaandika. Jiko hakulitaja mtu. Jiko lilikuwa uani, linachemsha chai ya waombolezaji.

Mimi nilijua. Nikamvuta mama mkwe pembeni nikamweleza taratibu. Akanisikiliza mpaka mwisho, halafu akaniuliza bila ukali wowote: "Lakini sista, si ninyi mlisema asipate baridi?"

Sikuwa na jibu. Haya maandishi ndiyo jibu, limechelewa.

SEHEMU YA 3

Sasa nianze na lile neno mnaloniambia kila siku: "Nesi, mkaa ukishashika hauna moshi, kwa hiyo hauna shida." Jamani. Hapo ndipo palipo na shida yenyewe.

Moshi wa kuni unakukera. Unakuchoma macho, unakukohoza, utaamka utake usitake. Mkaa uliokolea unatoa hewa ya sumu inayoitwa kaboni monoksaidi, na hewa hiyo haina rangi, haina harufu, haiwashi koo. Haikupi taarifa. Unasinzia, unaona raha ya joto, unazidi kusinzia.

Ichukulie damu yako kama kijiwe cha bodaboda. Kazi yao ni kubeba oksijeni kutoka kwenye mapafu kuipeleka kwenye ubongo, kwenye moyo, kila mahali. Ile sumu ikiingia inadandia bodaboda hizo kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, na ikishapanda haitaki kushuka. Oksijeni inabaki kijiweni, abiria asiye na usafiri. Ubongo unasubiri, haupati kitu.

Mtoto mchanga anapumua haraka kuliko wewe, kwa hiyo anaivuta haraka kuliko wewe. Na kama una mimba, aliyeko tumboni yuko hatarini zaidi, maana damu yake inaishika sumu hiyo kuliko ya kwako, na inachukua muda mrefu kumtoka. Unaweza kuamka wewe ukaenda shambani na yeye akawa ameumia. Mjamzito, naomba hapa urudie kusoma.

Dalili zake zinadanganya: kichwa kinagonga, kizunguzungu, kichefuchefu, miguu haina nguvu. Utasema malaria, utasema mafua ya baridi, utameza panado. Jiulize hivi: Je, kichwa kinauma nikiwa ndani na kinapoa nikitoka nje? Je, tumeamka wote nyumba nzima tunaumwa siku moja? Malaria haimpigi baba, mama na watoto watatu asubuhi moja.

Na ukija hospitali, LITAJE JIKO. Usione aibu, usifiche. Kale kamashine tunakobana kidoleni hakawezi kutofautisha oksijeni na hiyo sumu. Kanaweza kuandika 98 wakati mtu anaondoka. Nesi akiiona 98 na wewe hukusema kitu kuhusu mkaa, atakuandikia dawa za kichwa urudi kwenye chumba kile kile.

Ukimkuta mtu kalegea kwenye chumba chenye jiko: mlango wazi, dirisha wazi, mtoe nje kwanza, nawe usikae humo ukipiga kelele. Halafu hospitali, anahitaji oksijeni. Maziwa hayatoi sumu hii, haijaingia tumboni. Usimnyweshe mtu aliyezimia kitu chochote.

SEHEMU YA 4

Nilijua mtasema. Nimepata ujumbe kumi na zaidi tangu niweke sehemu ya pili, na nusu yake ni huu: "Sista, bibi zetu walilala na moto ndani, mbona tupo?"

Hoja hii naiheshimu, kwa hiyo naijibu vizuri.

Bibi yako alilala kwenye nyumba ya nyasi. Moto ulikuwa wa kuni, katikati, na moshi ulipenya kwenye paa lote. Ukuta wa miti na udongo ulikuwa na nyufa, mlango haukubana. Nyumba ile ilikuwa inapumua. Wewe umejenga ya tofali, bati juu, silingi bodi, sakafu ya saruji, dirisha la kioo, mlango wa fremu unaofunga mpaka sauti haitoki. Hongera, ni maendeleo. Lakini umechukua moto wa bibi ukauingiza kwenye kopo lililofungwa. Na si moto wake hata, yeye alikuwa na kuni, wewe una mkaa.

Tena msitamani sana zile enzi. Macho mekundu ya wale bibi na vile vikohozi vyao visivyoisha havikutoka hewani tu. Na watoto waliozikwa zamani hawakuandikwa popote. Tunaosema "mbona tupo" ni sisi tuliobaki.

SEHEMU YA 5

Kuna jambo hili la kushangaza kidogo, nami nililisoma nikalirudia mara mbili. Ulaya, ukilinganisha idadi ya watu wanaokufa majira ya baridi na wanaokufa miezi mingine, ongezeko kubwa halikuonekana Finland kwenye theluji. Lilionekana zaidi Ureno, nchi ya jua. Kwa nini? Finland wanajua baridi inakuja, nyumba zao zimejengwa kwa ajili yake. Anayejiona anaishi nchi ya joto hajajiandaa.

Mwingine ni Texas, Marekani, Februari 2021. Jimbo la joto, likapigwa na wiki moja ya barafu. Umeme ukakatika kwa mamilioni ya watu. Watu wenye magari mawili uani wakaingiza ndani majiko ya mkaa ya kuchomea nyama ili wapate joto. Mahospitali yakapokea familia nzima nzima zilizovuta sumu, na wengine walikufa. Kwa hiyo asije mtu kuniambia hili ni la watu wa kijijini wasiosoma.

Na sisi hapa tunajidanganya vivyo hivyo. "Si baridi ya Makete hii." Kweli, kule Kitulo asubuhi unakuta barafu juu ya majani, hapa hakuna. Lakini kichanga hahitaji barafu ili apoe. Hawezi kutetemeka kujipasha kama wewe. Kichwa chake ni kikubwa kwa mwili wake, ngozi ni nyembamba, mafuta kidogo. Shirika la Afya Duniani linataka chumba cha kujifungulia kiwe na nyuzi 25 angalau. Nani kati yetu ana chumba cha nyuzi 25 mwezi wa saba hapa Mponde? Chumba chako ambacho wewe unakiona "kinavumilika" kwa mtoto wa siku tatu ni baridi.

Kwa hiyo sisemi baridi ni mchezo. Yule mama hakuwa mjinga kuiogopa. Nasema tulimpa hofu bila kumpa njia.

SEHEMU YA 6

Njia yenyewe unayo tangu ulipozaliwa. Ni kifua chako.

Vueni mtoto nguo, mwacheni na nepi, kofia na soksi. Mlaze wima katikati ya matiti, ngozi kwa ngozi, kichwa kimegeukia upande, pua na mdomo viko wazi. Mfunge kwa khanga imbane vizuri, juu yake vaa sweta lako, kisha blanketi. Mwili wako una nyuzi 37 usiku kucha, haununuliwi kwa kopo wala kwa gunia, na hauna sumu. Ukilala, jiinue kwa mito au magunia ya nguo, usilale chali kabisa wala kwa tumbo.

Madaktari wa Bogotá, Kolombia, walianza kuitumia mwaka 1978 kwa njiti kwa sababu mashine za joto hazikutosha. Sisi tunaita kangaruu. Mwaka 2021 yalitoka matokeo ya utafiti mkubwa uliofanyika nchi tano, na Tanzania ilikuwa mojawapo: watoto wenye uzito mdogo waliowekwa kifuani mara tu baada ya kuzaliwa, bila kusubiri watengamae, vifo vyao vilipungua kwa robo. Ni ngozi ya mama tu iliyofanya hivyo.

Na ya baba. Baba, usijifiche nyuma ya simu ya mkeo, najua unasoma. Kifua chako kina joto lile lile. Mama akienda kuoga, akienda kula, akitaka kulala saa mbili tu kama binadamu, mchukue wewe. Sheria ya kazi inakupa siku 3 za likizo mke akijifungua, nimewaona mnakozimalizia. (Kuna mmoja wiki hii alikaa na mwanawe kifuani tangu saa nne usiku mpaka alfajiri, amevaa koti la mvua la bodaboda juu. Wenzake walikuja kumcheka wakaishia kumpiga picha. Huyo nampa heshima zake.)

Mengine ya haraka. Mtoto asiogeshwe saa 24 za kwanza, hata kama bibi anasema ananuka. Baada ya hapo, siku za ukungu kumfuta kunatosha. Ukimwogesha iwe saa saba saa nane mchana, haraka, mkaushe kichwa kwanza. Chupa ya maji ya moto ipashe kitanda, halafu ITOE kabla hujamlaza, nimeshafunga vidonda vya kuungua vya kutosha. Nguo mbichi msizitundike juu ya jiko chumbani. Pasi ya mkaa nayo ni mkaa, pigia nje barazani. Usimzibe uso na blanketi ukidhani unamkinga. Kujua kama ana baridi, shika tumbo na nyayo: nyayo tu zikiwa baridi, mweke kifuani, tumbo nalo likiwa baridi na hataki kunyonya, amelegea, mweke kifuani hivyo hivyo na njoo naye, usisubiri kukuche.

Jiko? Lotea moto huko jikoni au uani, mlango wazi, mkiwa macho. Wakati wa kulala linabaki nje. Usiniambie litaachwa na dirisha wazi kidogo. Saa nane usiku mtu ataamka asikie upepo, atalifunga. Na jiko la gesi halikutengenezwa kupasha chumba cha kulala, nalo libaki jikoni.

SEHEMU YA 7

Hapa nina maneno na wakubwa.

Nimechoka kusikia "akina mama wetu hawana elimu". Mnachumaji chai anayeondoka saa kumi na moja alfajiri na mtoto mgongoni, analowa mpaka kiunoni kwa umande, anarudi kwenye chumba chenye dirisha la mabanzi, huyo tatizo lake si elimu peke yake. Kiwanda cha chai cha Mponde kilifungwa mwaka 2013, kikakaa kimya miaka mingi, chai ikageuka miti shambani. Waulize waliokuwa wanajenga miaka hiyo nyumba zao ziliishia wapi. Mwenye pesa atanunua blanketi la pili. Asiye nayo atanunua mkaa wa kopo.

Serikali mwaka 2024 ilizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, lengo ni asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo 2034. Naunga mkono kwa mikono miwili, moshi wa jikoni unakaribia kuongeza maradufu hatari ya mtoto kupata nimonia. Lakini lisome hilo jina tena: ya KUPIKIA. Kwa mtu wa Dar inatosha. Huku mlimani jiko lina kazi ya pili, na kazi hiyo inaanza watu wakishamaliza kula. Mtungi wa gesi ukifika, mama atapikia gesi, na mkaa atauweka kwa ajili ya chumbani. Mmelifikiria hilo? Mkija kugawa mitungi milimani, gaweni na blanketi.

Na manesi wenzangu, nikiwemo mimi. Tuache kumwambia mtu "asipate baridi" halafu tunageukia foleni. Dakika tano. Mfunge mtoto kifuani mbele yetu, tuone kafunga vizuri. Muulize unalala wapi, dirisha liko wapi, jiko linalala wapi. Na mama mkwe awepo, maana yeye ndiye mwenye amri nyumbani. Mimi sasa siruhusu mtu mwezi wa sita mpaka wa nane bila maswali hayo. Foleni inanuna, inune.

SEHEMU YA 8

Majibu ya mliouliza, kisha nalala.

Dada uliyeuliza kama baridi inaleta kichomi: nimonia inaletwa na vijidudu. Baridi inatukusanya chumba kimoja na moshi, vijidudu vinafurahi. Chanjo ya nimonia ipo nchini tangu 2013, wiki ya 6, ya 10 na ya 14, ni bure, usiiruke kwa sababu ya ukungu. Mtoto akikohoa, fungua kifua, hesabu pumzi dakika nzima akiwa ametulia: 60 au zaidi kwa aliye chini ya miezi miwili, 50 kwa aliye chini ya mwaka, 40 kwa wa mwaka mmoja mpaka mitano. Ikifika hapo, au mbavu zinaingia ndani akivuta hewa, ni kituo cha afya. Mafuta ya taa kifuani, hapana.

Mama wa mapacha: ndiyo, wote wawili wanaenea kifuani, mmoja kila upande, khanga mbili. Ukichoka, mmoja kwa baba, mmoja kwako, mbadilishane.

Kaka uliyeandika "nesi unatutisha": ndiyo.

Na wewe uliyeniandikia saa tisa usiku kwamba umelitoa jiko nje na sasa mtoto analia, nimeona ujumbe nikiwa wodini sikuweza kujibu, samahani. Mvue nguo, mweke kifuani, mpe ziwa. Niandikie akilala. Zamu yangu inaanza tena saa mbili usiku, mpaka hapo simu iko wazi.